Makumbi, magunia na Peugeot 404 ya babu

Wale mlioniuliza siku zangu za mapumziko nazimalizia wapi, jibu ni hili: nazimalizia ndani ya gari. Msidhani nasafiri. Gari yenyewe ilikuwa juu ya matofali, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na mimi nilikuwa ndani yake nikikwangua kutu kwa brashi ya waya huku kuku wakinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Kwa wasiopajua, Gombani ni pale Chake Chake, Pemba, penye uwanja wa mpira. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, na siku zile kila aina ya gari ilipita mbele ya nyumba yetu. Peugeot 404 ya marehemu babu ilibaki nyuma, imefunikwa turubai, na hakuna mgeni aliyejua kama ipo.

Nianze na gari yenyewe maana wengi wenu mmezaliwa na Toyota. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, na kule Ufaransa waliacha kuitengeneza mwaka 1975. Kwetu Afrika Mashariki ilijijengea jina kwenye Safari Rally. Ilishinda mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, na mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mtu anayeishi Tanzania. Kwa hiyo wazee wakikwambia 404 haiogopi shimo, wanajua wanachosema. Babu aliinunua mkono wa pili mwaka 1986, biashara ya Zanzibar ilipokuwa imeanza kufunguliwa, akaifanya teksi. Amebeba maharusi, wagonjwa, maiti, wanafunzi na pishi za karafuu. Gia iko pale penye usukani, na kiti cha mbele ni kimoja kirefu, watu watatu wanakaa bila kugombana.

Haya, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba gari ilisimama mwaka 2001.

Mimi nilizaliwa 1999, kwa hiyo haya nimehadithiwa. Tarehe 27 Januari 2001 kulikuwa na maandamano Pemba, yakazimwa kwa risasi, makumi ya watu wakafa. Siku zilizofuata zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vidogo mpaka Shimoni, Kenya. Babu na ami walikuwa miongoni mwao. Oktoba mwaka ule CCM na CUF walitia saini muafaka, watu wengi wakarudi, na babu naye akarudi. Gari aliikuta pale pale alipoiacha. Aliizunguka mara moja, akaifunika, na hakuiendesha tena mpaka alipofariki 2011. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwaka jana ami alipata mnunuzi wa chuma chakavu. Shilingi 700 kwa kilo, na baada ya kukisia hapa na pale akatoa bei ya jumla: 630,000. Msimcheke ami. Ana mtoto chuo kikuu, na ada haisubiri historia. Kwenye kikao cha familia kila mtu alikubali, mpaka bibi aliposema neno.

Bibi ana nyonga mbovu. Kupanda daladala zetu hizi za nyuma wazi, zenye ngazi ya chuma, hawezi tena. Teksi ndogo za siku hizi nazo kiti kiko chini mno. Kuingia anaingia kwa kuanguka, kutoka mpaka avutwe na watu wawili. Kliniki alikuwa anaruka miadi. Dada yake yuko Wete, kama kilomita 30 tu, na walikuwa hawajaonana muda mrefu. Bibi akasema, "Gari ya mume wangu nilikuwa naingia kama naingia chumbani kwangu. Kiti chake kirefu."

Ami akajibu kwa adabu, "Mama, kiti chenyewe kimeoza."

Na kweli kilikuwa kimeoza. Kuhusu injini sina hadithi: fundi mmoja rafiki wa babu aliifufua kwa vipuri vilivyokuja na jahazi kutoka Mombasa, na kwa kuwa alikuwa na deni la babu, hakudai ufundi. Lakini gari inayowaka na haina mahali pa kukaa ni kontena lenye honi. Panya walikuwa wameshakula sponji, dari limening'inia kama chandarua, kadibodi za milango zimevimba, na ukungu umetambaa kwenye dashibodi. Ami akanipa muda mpaka baada ya Idi. Ikifika hapo hakuna mtu anayeweza kukaa ndani, mnunuzi anakuja na lori lake.

Niliuliza bei Dar es Salaam. Fundi mmoja aliziangalia picha kwenye simu akaniambia 1,800,000, na hiyo ni bila nauli ya kuisafirisha gari. Mshahara wa mwandishi mnaujua. Mimi nilikuwa na 450,000. Hiyo ndiyo bajeti, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Nilianza kwa kung'oa kiti ili nione kimejengwaje. Ukitaka kujua gari ya zamani, vua kiti chake. Chini kulikuwa na springi za chuma, juu yake kitambaa cha gunia, juu ya gunia matabaka ya kujazia, halafu sponji, halafu reksini. Fundi mmoja baada ya babu alishawahi kukibadilisha, maana nilikuta mishono ya aina mbili. Na katika matabaka yale kulikuwa na nyuzi ngumu za kahawia, zimejikunja. Nikampelekea bibi.

Bibi akazisugua kwa vidole, akacheka. "Hii usumba, mjukuu wangu. Hii makumbi."

Nyuzi za nazi! Nikaingia mtandaoni kusoma. Kumbe Wazungu wenyewe walikuwa wakitumia nyuzi za nazi viwandani. Volkswagen Beetle viti vyake vilijazwa nyuzi hizo zilizoshikanishwa kwa mpira, na Mercedes za zamani vile vile. Sababu ni rahisi: nyuzi za nazi zinapitisha hewa, hazishuki haraka kama sponji nyepesi, na ukizikalia zinakusukuma kidogo kurudi juu. Sisi tunanunua sponji inayokuja na meli kutoka mbali, inabonyea ndani ya mwaka mmoja, na makumbi tunawashia moto.

Basi nikaenda kununua usumba kwa akina mama wanaofanya kazi hiyo pwani. Wengi wenu mnaona kamba tu, hamjui safari yake. Makumbi yanafukiwa kwenye mchanga na tope la ufukweni, yanawekewa mawe juu, maji ya bahari yanapanda na kushuka juu yake kwa miezi kadhaa mpaka nyama inayoshikilia nyuzi inaoza. Kisha yanafukuliwa, yana harufu ambayo sitaki kuieleza, yanapigwa kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu. Ndipo mtu anasokota kamba. Mimi niliuziwa kilo 12 ambazo hazijasokotwa, kwa 30,000.

Hapa kuna jambo la kuzingatia kwa yeyote atakayejaribu. Usumba uliotoka baharini una chumvi, na chumvi ikikaa juu ya springi ya chuma kwenye hewa yetu hii, kutu inarudi kabla hujamaliza kujisifu. Ni lazima uoshwe kwa maji baridi ya kisima mara kadhaa. Kipimo chetu kilikuwa ulimi wa bibi. Naosha, naleta maji kwenye kikombe, anaonja, anatema, anasema "bado". Mara ya nne akasema "haya, anika". Siku tatu za jua kali, nikiugeuza asubuhi na jioni.

Springi nilizikwangua, nikazipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili. Nne zilikuwa zimekatika, nikatafuta nyingine. Juu yake nikashona magunia. Magunia nayo ni ya karafuu, yametumika, na mpaka leo ukikaa kwenye gari ile mchana wa jua unasikia harufu ya msimu. Nilitumia shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na mpaka namaliza vidole vyote vilikuwa na plasta.

Kazi ya kushona nje nilimpa fundi wa makochi pale Machomane. Mzee huyu hajawahi kushona gari, lakini kochi ni kochi. Sharti lake la kwanza lilinifundisha kitu: "Kava la zamani usilikate, fumua mshono kwa mshono." Ukifumua unapata vipande vyenye umbo kamili, unavilaza juu ya kitambaa kipya, unaongeza nafasi ya mshono, unakata. Ukikata ovyo umepoteza ramani. Sharti la pili lilikuwa kuhusu kujaza. Usumba unachambuliwa kwa mkono, unalazwa tabaka moja urefu, tabaka jingine upana, na kila tabaka linashikizwa kwenye gunia kwa uzi. Ukingo wa mbele, pale paja linapolalia, unatengenezewa mshipi mnene wa usumba uliokazwa, maana ukingo ndio unaokufa kwanza. Mwisho inakuja sponji ya inchi moja tu, ili nyuzi zisichome.

Nikauliza, kwa nini tusitumie reksini yote kama ilivyokuwa? Fundi akanijibu kwa kuuliza, "Wewe umewahi kukalia reksini iliyopigwa jua la saa saba, na kanzu ya kitambaa chepesi?" Hoja imepita. Pembeni na nyuma tukaweka reksini, katikati pa kukalia tukaweka turubai la pamba, rangi ya udongo. Cherehani yake ni Singer ya miguu, ya zamani kuliko gari. Akabadilisha sindano akaweka namba 18, akashona pole pole, na ikapita.

Milango ilikuwa na somo lake. Watu wengi wanadhani maji hayaingii ndani ya mlango wa gari. Yanaingia kila mvua inaponyesha, yanapita kwenye kioo, yanatokea kwenye matundu madogo chini. Matundu yetu yalikuwa yamezibwa na tope la miaka mingi, kwa hiyo maji yalikaa, kadibodi ikanywa, ikavimba. Nikazibua matundu, nikagandisha karatasi ya nailoni kwenye chuma, halafu ndipo nikaweka plaiwudi nyembamba iliyopakwa vanishi pande zote mbili na kwenye kingo. Kingo ndizo zinazonywa maji.

Dari la 404 limetundikwa juu ya fito za chuma zilizopinda, kila moja na urefu wake. Kabla sijazitoa nilizipa namba kwa chaki na kupiga picha. Kitambaa ni marekani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, mita tano, nikairoweka kwanza na kuianika ili kama ni kuruka iruke kabla haijashonwa. Unaanza katikati, unavuta mbele, unavuta nyuma, unashika kwa vibanio vya nguo, na gundi inakuja mwisho kabisa. Vibanio vyote vya bibi vilihamia kwenye gari kwa siku mbili, na nguo za familia zikaanikwa kwa imani.

Na ukungu kwenye dashibodi? Pemba tunalo jibu. Mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kiwandani Wawi kutokana na vikonyo vya karafuu, ni adui wa ukungu. Matone machache kwenye lita ya maji, kitambaa kikavu baadaye. Usizidishe, maana mafuta hayo yakiwa makali yanakula plastiki.

Hesabu sasa, maana najua mnaisubiri. Usumba 30,000. Magunia sita 12,000. Rangi ya kutu 15,000. Springi, uzi na misumari 14,000. Sponji mbili 36,000. Turubai mita sita 54,000. Reksini mita tano 70,000. Marekani 20,000. Plaiwudi 25,000. Gundi 24,000. Mikeka miwili ya ukindu ya chini, 30,000, na hii hutolewa nje kila ikinyeshewa. Ufundi 120,000. Jumla 450,000, haikubaki hata ya soda.

Lakini kuna kitu ambacho hakimo kwenye hesabu, na nimefikiri sana kama nikiandike.

Nilipobandua kadibodi ya mlango wa dereva, niliokota mule ndani sarafu ya senti 20, ile yenye mbuni, vikonyo vya karafuu, na karatasi ya daftari iliyokunjwa na kuviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hati ya babu. Juu ameandika 24/1/2001. Chini yake majina 17, na mbele ya kila jina kiasi: 300, 500, 200. Ni watu waliokuwa wakidaiwa nauli.

Mimi ni mwandishi wa habari. Sitawaficha, jambo la kwanza lililonijia ni kichwa cha habari. Siku tatu kabla ya tarehe ile, orodha ya watu wa kawaida wa Chake, imekaa ndani ya mlango miaka zaidi ya 20. Mhariri gani angekataa? Nikampelekea bibi kwanza. Macho yake hayasomi vizuri, akaniambia nimsomee. Nikasoma jina moja moja. Baada ya kila jina anasema kidogo. Huyu yupo, juzi alileta ndizi. Huyu amefariki, kwa maradhi yake. Huyu yuko Mombasa mpaka leo. Kwenye majina mawili alinyamaza, akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Hawa hawakurudi."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Kuna maswali ambayo mjukuu hamuulizi bibi yake hata kama analipwa kuuliza maswali.

Kisha akaniambia, "Deni la nauli babu yako alilisamehe kabla hajafa, lote, nilikuwapo. Karatasi irudishe ilikokaa."

Nikamwambia tunaweza kuihifadhi vizuri, kuitia kwenye fremu, kuipiga picha. Akanitazama. "Imehifadhiwa," akasema. "Wewe si umeikuta?"

Sikuipiga picha. Niliiviringisha kwenye nailoni mpya, nikairudisha, nikapigilia plaiwudi juu yake. Majina yale hamtayaona hapa wala gazetini. Wale ndugu zangu wa chumba cha habari watakaosema nimeua habari, tutabishana nikirudi kazini.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza maana ya neno hili, kukarabati. Wenye pesa Ulaya wanatafuta kila kitu kilekile cha kiwandani, mpaka rangi ya uzi. Kule Cuba, baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani, watu wamezifanya gari za Kimarekani za miaka ya 1950 ziendelee kutembea kwa chochote kilichopatikana. Na hapa kwetu Unguja, wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe watakwambia ukuta wa mawe unataka chokaa, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani na ukuta unaoza ukiwa unang'aa. Kitu cha bei kubwa si lazima kiwe ndicho kinachofaa. Sote tuliona Beit al-Ajaib, jengo la 1883, lilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu. Kuchelewa nako kuna bei yake.

Kwa 404 yetu nilifuata swali moja tu: nani atakaa hapa? Bibi mwenye nyonga mbovu anahitaji kiti kirefu, kigumu kiasi, kisichomzamisha. Sponji ya bei mbaya ingemmeza. Usumba unambeba. Kwa hiyo tuliuongeza upande wa abiria, akajaribu, tukapunguza, akajaribu tena, mpaka aliponyanyuka mwenyewe bila mkono wa mtu.

Idi ilipita. Ami alikuja, akafungua mlango, akakaa nyuma ya usukani kimya muda mrefu. Mimi na fundi tulijifanya tunatafuta bisibisi. Alipotoka akasema mnunuzi wa chuma ameshampigia simu, amemwambia hapana. Lakini ada ya mtoto bado ilikuwa pale pale, na hilo bibi alilijua, ndiyo maana akatoa hukumu yake: gari itakodishwa kwenye harusi, na pesa ni ya ami mpaka mtoto amalize chuo. Imeshaenda harusi mbili. Maharusi wanaipenda, wapiga picha ndio usiseme. Sharti ni moja, na limeandikwa kwa mkono wa ami juu ya dashibodi: siku ya kliniki gari haikodishwi.

Wete nako tumefika. Dada yake bibi alitoka nje na fimbo yake, akagoma tusiingie ndani kwanza. Akataka naye akae. Wazee wawili wamekaa kwenye kiti cha mbele, milango wazi, wanakula maembe, na mimi dereva nimesimama juani nikisubiri ruhusa.

Bado kuna kazi. Mpira wa kioo cha mbele umekatika, maji yanapenya kona ya kushoto, na masika hayako mbali. Kama kuna msomaji Mombasa, Dar au popote anayejua palipolala mzoga wa 404 wenye mpira mzima, aniandikie. Bei tuelewane, mfuko wangu mmeshauona.